Hukumu Iliyoliwa na Mchwa

Mama yangu alipika pombe ya mtama iliyojulikana kutoka Ushirombo hadi karibu na Katoro. Sisemi hivi kwa kujisifu, maana sifa hiyo ndiyo iliyotuponza. Pombe mbaya hainywewi na watu wengi, na pombe isiyo na wanywaji haimleti mgambo mlangoni.

Baba alikuwa amefanya kazi mgodini Geita. Mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na kikohozi, na hakumaliza miaka miwili. Alituacha mama, mimi na wadogo zangu watatu, pamoja na shamba la pamba ambalo mwaka mmoja lilitoa na mwaka wa pili likagoma. Hapo ndipo mama alipoanza kupika pombe ya kuuza. Kwa pombe ile nilinunuliwa madaftari, viatu na sare ya shule. Wasichana wenzangu waliponiuliza mama yangu anafanya kazi gani, nilijibu kwamba ni mkulima, na huo haukuwa uongo kwa sababu mtama aliulima mwenyewe.

Halmashauri ilikuwa na sheria ndogo mbili zilizotuhusu. Ya kwanza ilikataza kuuza pombe bila leseni. Ya pili ilikataza kuuza pombe saa za kazi, yaani kabla ya saa kumi jioni, hasa msimu wa kulima, ili watu wasiache mashamba na kukaa vilabuni. Mama alizivunja zote mbili. Alikamatwa mara ya kwanza akalipa faini. Alikamatwa mara ya pili, na hakimu akamwambia mbele ya watu, "Mama, ukirudi hapa mara ya tatu sitakutoza faini. Utakwenda gerezani, na watoto wako utajua mwenyewe utamwachia nani."

Aliniambia maneno hayo jioni ile akichochea moto, bila kuinua macho. Na wiki mbili baadaye akaloweka mtama mwingine, kwa sababu ada ya mdogo wangu ilikuwa haijalipwa.

Siku waliyokuja nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza shule, nikingojea barua kutoka chuo cha wauguzi cha hospitali ya misheni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na kila mtu mwenye jembe alikuwa shambani, isipokuwa wanaume watatu waliokaa uani kwetu wakinywa. Saa sita ilikuwa haijafika. Mama alikuwa ndani amelala na homa tangu juzi yake. Mimi ndiye niliyeshika kata ya kuchotea pombe.

Mgambo walikuwa wawili, na nyuma yao alikuja mtendaji na daftari lake. Wanywaji wawili waliruka ua. Wa tatu alikuwa mzito, akabaki ameshika kibuyu chake kama mtu aliyekuja kuteka maji.

"Pombe ya nani hii?" mtendaji aliuliza.

Nilisikia kitanda kikilia ndani. Mama alikuwa anajiinua. Sikupata muda wa kufikiri, na mpaka leo nikiulizwa niliamua saa ngapi siwezi kujibu. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Yangu."

"Ya mama yako."

"Mama anaumwa tangu juzi. Nimepika mimi na ninauza mimi."

Mtendaji alinitazama. Nadhani alijua. Lakini alikuwa na mtungi, alikuwa na mnywaji, na alikuwa na mtu aliyekubali kosa, kwa hiyo aliandika.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hakimu alikaa katikati, na wazee wa baraza wawili walikaa kando yake, mmoja akisinzia. Karani alisoma shtaka. Hakimu akaniuliza kama nakubali kosa. Nikasema nakubali. Akaniuliza kama nina lolote la kusema. Nikasema sina. Mambo yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kuchota ndoo moja ya maji. Faini au kifungo cha mwezi mmoja. Tuliuza mbuzi wawili.

Tulirudi mimi na mama. Homa ilikuwa haijamtoka vizuri, akawa anatembea polepole, mimi mbele, yeye nyuma. Tulipovuka kijito akasimama.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema kwa Kisukuma.

Nilidhani atanishukuru. Niliudhika, nikaendelea kutembea. Lakini tangu siku hiyo hakupika tena pombe ya kuuza. Alilima pamba, akafuga kuku, akauza karanga sokoni, nasi hatukuizungumza habari ile kwa miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo nikawa muuguzi, halafu mkunga. Nilifanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali ile ile ya misheni, na nilipenda kazi yangu. Sikuwa nimeolewa, jambo lililomkera mama kuliko kosa lolote la mahakamani. Majirani walianza kumwita Mama Muuguzi, na aliitika haraka kuliko alivyoitikia jina lake mwenyewe.

Asubuhi moja mtawa aliyekuwa mkuu wa wauguzi aliniita ofisini kwake. Watu wote walimwita Sista tu. Alikuwa amekaa nchini muda mrefu hivi kwamba alikuwa akitukemea kwa Kisukuma tulipochelewa zamu.

"Nimepata nafasi moja ya masomo," alisema. "Miaka miwili, Uholanzi. Utajifunza kufundisha wakunga, kisha utarudi hapa ufundishe. Nimeandika jina lako."

Nilimwambia ahsante, nikatoka, nikaenda chooni nikalia kidogo, kisha nikarudi wodini kwa mzazi mmoja aliyekuwa na uchungu.

Pasipoti ilichukua miezi minne. Karatasi zilikwenda wilayani, zikaenda mkoani Shinyanga, zikarudishwa kwa sababu picha yangu ilikuwa inaonyesha sikio moja, zikaenda tena. Nikapakwa wino kwenye vidole vyote kumi kituo cha polisi, na alama hizo zikapelekwa Dar es Salaam ili itafutwe hati ya tabia njema. Yote niliyafanya kwa furaha. Kisha ikaja fomu ya viza.

Swali la kumi na moja liliuliza: Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, kwa kosa lolote?

Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya Sista, yeye akisaini karatasi za dawa. Kalamu ilisimama. Kwa miaka kumi na moja sikuwa nimejihesabu kama mtu mwenye kosa. Nilijua nilichofanya na kwa nini. Lakini fomu haikuuliza kwa nini.

"Nitaimalizia nyumbani, Sista," nilisema.

Niliikalia wiki tatu. Ilikuwa chini ya godoro, na kila nilipolala niliihisi kama kokoto. Mtu pekee niliyemweleza mwanzoni alikuwa mganga msaidizi mmoja tuliyefanya naye zamu, mtu mwema na mcheshi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kosa la pombe! Andika hapana, ulale. Nani atatoka Ulaya aje kwenye mahakama ya mwanzo ya porini kuulizia mtungi?"

"Na polisi?"

"Polisi gani? Walikuchukua vidole siku ile?"

Hawakunichukua. Na kweli, hati ya tabia njema ilipofika kutoka Dar es Salaam, ilisema kwamba hakuna kumbukumbu yoyote dhidi yangu. Ilikuwa na muhuri mzuri wa mviringo. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliona sasa nina karatasi mbili za kuchagua, moja ya serikali inayosema mimi ni safi, na nyingine iliyo wazi inayonisubiri niseme mwenyewe.

Niliandika "Hapana" kwa penseli. Nikafuta. Nikaandika tena. Nilifuta mara nyingi mpaka karatasi ikaota manyoya mahali pale, na nikaona nikiendelea itatoboka. Ndipo nikamwendea Sista nikamweleza.

Alivua miwani. "Kosa gani?"

"Pombe, Sista."

"Ulikuwa mlevi?"

"Hapana. Muuzaji."

Niliona anajizuia kucheka, lakini aliposema hakuwa anacheka. "Mimi nataka uende ukasome. Lakini sitaki ukae kule miaka miwili ukishtuka kila mlango unapogongwa. Kosa lenyewe dogo. Ukilificha, utakuwa umefanya jingine, na hilo la pili si dogo. Andika ndiyo. Kisha nenda mahakamani ukatafute nakala ya hukumu, uiambatanishe, waone wenyewe."

Sikumwambia kwamba pombe ilikuwa ya mama. Niliona hilo si langu kulitoa.

Mahakama ilikuwa palepale, ila paa lilikuwa limebadilishwa. Hakimu wa zamani alikuwa amehamishwa, na karani wa zamani amefariki. Karani niliyemkuta alikuwa kijana aliyenyoosha suruali yake vizuri, mwenye adabu.

"Shikamoo sista," alinisalimu, ingawa hatukupishana sana umri. Sare ya uuguzi ilikuwa na heshima yake.

"Marahaba."

Nilimweleza ninachotaka. Hakuuliza swali hata moja. Alinipeleka kwenye stoo nyuma ya ofisi, mahali walipohifadhi majalada ya zamani kwenye magunia ya pamba. Alisema nirudi baada ya wiki. Niliporudi alikuwa amepekua magunia saba na kubakiza manne. Niliporudi mara ya tatu alinipokea mlangoni, na uso wake haukunipendeza.

"Nimelipata," alisema. "Lakini keti kwanza."

Aliliweka jalada mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka chungu ambacho hakijakauka. Mchwa walikuwa wamepita katikati yake. Juu, jina langu lilisomeka lote, na jina la baba. Chini ilisomeka "amekubali kosa, ametiwa hatiani", pamoja na adhabu na sahihi ya hakimu. Katikati, mahali palipoandikwa nilichofanya, palikuwa na tundu. Ningeweza kupitisha ngumi.

Nilitazama meza kupitia tundu lile. "Kwa hiyo haionekani ni kosa gani."

"Haionekani."

"Lilikuwa la pombe. Niandikie barua useme lilikuwa la pombe."

Alikuna kichwa. Aliona aibu kweli. "Sista, sikuwepo. Nilikuwa darasa la saba. Siwezi kupiga muhuri wa mahakama kwenye jambo nisilolijua. Naweza kuandika kwamba hii ndiyo nakala halisi, na kwamba sehemu ya kosa imeliwa na mchwa."

"Na daftari la faini?"

"Lilichukuliwa wilayani zamani. Nimeuliza. Hawalioni."

Nilimkasirikia njiani kote, na nilipofika nyumbani hasira ikaisha, kwa sababu alikuwa amefanya kile kile nilichokuwa najitahidi kukifanya mimi, kutoandika lisilo kweli. Lakini hali yangu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Kabla ya hapo nilikuwa na kosa dogo. Sasa nilikuwa na hukumu halali, yenye muhuri, ya kosa lisilojulikana. Mtu akiiona angeweza kujaza tundu lile na wizi, au na damu.

Jumapili nilikwenda kwa mama nikamwonyesha. Hakujua kusoma. Alipitisha kidole kwenye kingo za tundu, polepole, akizunguka.

"Kwa hiyo hakuna anayejua lilikuwa nini," alisema.

"Hakuna. Mtendaji alihamia Sengerema, sijui hata kama yuko hai."

"Nipo mimi."

Sikumwelewa. Akakunja karatasi akanirudishia. "Nitakwenda huko kwa hao watu. Nitawaambia ilikuwa pombe."

"Mama, ni Dar es Salaam."

"Kwani treni haipandwi na wazee?"

Tulibishana mpaka jua likaanza kushuka. Mwishoni nilikubali kwa sharti moja, kwamba aseme tu kosa lilikuwa la pombe, basi. Asiseme ilikuwa ya nani. Kumdanganya hakimu ni kosa kubwa kuliko kuuza pombe, na kama wangejua nilidanganya mahakamani, sikuona ningeokokaje. Mama alisikiliza, akatia karanga kwenye kikapu. Nilichukua ukimya wake kuwa ni kukubali.

Tulipanda basi hadi Kahama, na kutoka hapo tukafika Isaka kupanda treni. Alikuwa amefunga michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kututosha kwenda Dar es Salaam na kurudi mara mbili. Watawa wenzake Sista walitupa chumba huko mjini. Asubuhi ya tatu tulikwenda ubalozi wa Uholanzi, mama amevaa khanga mpya na viatu vyangu vya zamu, kwa sababu vyake vilikuwa vimekatika kwenye treni.

Aliyetuhudumia alikuwa mama mmoja mrefu wa Kizungu mwenye nywele fupi, na sauti ya chini. Mama yangu alibaki barazani. Mimi nikaingia. Yule mama wa Kizungu alisoma fomu yangu akifuata kila mstari kwa kalamu, na alipofika la kumi na moja akasimama. Nilikuwa nimeandika "Ndiyo", juu ya karatasi iliyoota manyoya, kwa wino.

Akachukua hukumu. Akaiinua. Kwa kitambo kidogo aliniangalia kupitia tundu, nikaona jicho lake moja la kijani. Sijui kama alikusudia.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Kuuza pombe ya kienyeji bila leseni, na saa za kazi."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Mama yangu. Yuko nje."

Alishangaa, lakini alimwita tarishi, mtu wa makamo aliyevaa kaptula ya kaki, akamwambia amlete mama na kiti. Mama aliingia, akawasalimu wote, akaketi, akashika mikono yake mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri.

"Mwambie ilikuwa pombe ya mtama," mama alisema kwa Kisukuma.

Nilitafsiri.

"Mwambie iliuzwa asubuhi, msimu wa kulima."

Nilitafsiri. Yule mama wa Kizungu aliandika. Nikaanza kupumua.

"Mwambie pombe ilikuwa yangu mimi. Huyu hakupika wala hakuuza siku nyingine yoyote. Alisema uongo kwa hakimu ili nisifungwe, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukamatwa mara mbili. Mwambie kosa lililoandikwa hapo ni langu, na jina ndilo lililokosewa."

Ofisini kulikuwa na feni, na nakumbuka jinsi ilivyosikika.

"Mama yako amesema nini?"

Nilijibu, "Anasema ilikuwa ni pombe ya mtama tu, si pombe kali."

Mama hakujua Kiingereza, lakini alijua kupima. "Maneno yangu yalikuwa mengi kuliko hayo," alisema.

Tarishi alikuwa bado amesimama mlangoni. Akakohoa. Kisha akamgeukia mama, na kwa Kisukuma safi cha Maswa akamuuliza, akimwita mama kwa lugha yetu, "Mayu, mnatoka upande gani?" Kumbe alikuwa ameelewa kila neno. Mama alimjibu, akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Tarishi akanigeukia mimi, sasa kwa Kiswahili, kwa upole kabisa.

"Utatafsiri mwenyewe, sista, au nitafsiri mimi?"

Nilitafsiri mwenyewe. Nilisema yote, neno kwa neno, na nilipofika mahali pa "alisema uongo kwa hakimu" nilisema "nilisema uongo kwa hakimu", kwa sababu sikuona faida ya kujificha nyuma ya mama. Niliongeza kwamba na hapo mbele yake, dakika iliyopita, nilikuwa nimepunguza maneno, na kwamba naomba radhi.

Aliweka kalamu chini.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hukueleza kwenye fomu?"

"Fomu iliuliza kama nilitiwa hatiani. Nilitiwa. Haikuuliza pombe ilikuwa ya nani."

Alimgeukia mama. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Muulize, alikuwa na watoto wangapi wakati huo?"

"Wanne," mama alijibu, "na huyu ndiye mkubwa."

Aliandika tena, sasa kwa muda mrefu zaidi. Kisha akanieleza, taratibu, kama mwalimu. Alisema faini ya pombe ya kienyeji, ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, haimzuii mwanafunzi kupata viza. Wanachotazama ni uzito wa kosa, muda uliopita, kama mtu amerudia, na kama anasema kweli. "Kama ningekuta 'hapana' hapa," alisema, akigonga mahali palipoota manyoya, "kisha siku moja nikaiona karatasi hii, ningekunyima, na si kwa sababu ya pombe." Akakunja jalada. Alisema lazima amwonyeshe mkubwa wake. Turudi Alhamisi.

Ilikuwa Jumanne. Siku mbili zile sikula chochote cha maana. Mama alikula vizuri, akalala vizuri, na asubuhi ya Jumatano akawafagilia watawa uwanja wote bila kuombwa. Nilimkasirikia. Nilimwambia tulikuwa tumepatana.

"Wewe ndiye uliyepatana," alisema, akiendelea kufagia. "Mimi nilikuwa natia karanga kwenye kikapu."

Alhamisi tarishi alitupokea kwenye ngazi. Hakuruhusiwa kusema chochote, na hakusema, ila alimshika mama mkono kwa mikono miwili akamwambia, "Wabeja, mayu," yaani ahsante mama, na mimi nikajua. Hata hivyo sikuamini mpaka niliposhika pasipoti na kufungua ukurasa. Viza ilikuwa pale, na tarehe zake, na jina langu lote. Niliisoma mara tatu. Sikuona mahali popote palipotaja pombe.

Tulitoka nje. Mama aliketi kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, akavua viatu vyangu, akacheka. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya khanga, akacheka tena. Wapita njia walitutazama. Mimi nilikuwa nimesimama na pasipoti mkononi, na ilinichukua muda kugundua kwamba sasa hakikuwa kicheko tu, alikuwa pia akilia.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Kila nikienda kuungama, padre ananisamehe, nami natoka na kosa lile vilevile. Si Mungu niliyemdanganya. Ni ile karatasi. Nilikuwa sijui nitamwambia nani."

Niliketi kando yake. Nilikuwa nimemwona wakati wote kama mtu niliyemwokoa, na sikuwahi kufikiri kwamba kuokolewa nako kuna uzito wake. Siku ile kwenye kijito hakuwa amekosa shukrani. Nilimwambia nisamehe, naye akasema nisamehe nini, akanipa kipande cha mchembe.

Kwenye treni ya kurudi aliwasimulia abiria wote wa behewa letu, kuanzia Morogoro. Alisimulia vizuri, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akiongeza chumvi hapa na pale, na kila aliposhuka mtu na kupanda mwingine alianza upya. Dodoma nilimwomba anyamaze. Hakunyamaza. Tabora tulipobadilisha treni, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinipa ndizi, akanipongeza kwa kutokufungwa.

Niliondoka mwezi wa tisa. Ndegeni nilikuwa na wasiwasi mmoja uliobaki, kwamba kule uwanjani wataniuliza tena, na nilikuwa nimeandaa maelezo yote kwa Kiingereza, tangu mtungi hadi mchwa. Nilikuwa hata nimeyaandika kwenye karatasi. Ofisa wa uwanja alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Alifungua pasipoti, akatazama viza, akanitazama mimi na gauni langu la mikono mifupi.

"Umekuja kusoma?"

"Ndiyo. Ukunga."

"Una koti?"

Nilisema sina, watanipokea nalo nje. Akatikisa kichwa kwa huruma, akapiga muhuri, akanionyesha mlango. Hakukuwa na swali jingine. Nilipita na begi langu hadi mahali watu walipokuwa wakingojea wageni wao, na kupitia vioo niliona mvua nyembamba inanyesha, na mwanamke mmoja ameinua kibao chenye jina la chuo, na koti la buluu mkononi. Nilimwendea nikicheka peke yangu.